Kipande Kilichovuta Mshale Kushoto

Msomaji, ulipokunja gazeti lako wiki iliyopita, Haruna, mnunuzi wa vyuma chakavu, alikuwa ameinama juu ya kipande cha alumini, msumeno mkononi. Meno ya msumeno yalikuwa yakipita laini kama yanakata sabuni. Halafu yakagota. Cheche zikaruka, na Spesiosa akarudi nyuma.

Alumini haitoi cheche.

Kipande chenyewe kilikuwa na umbo la tofali dogo, cheupe, safi, kimeyeyushwa na kumiminwa vizuri. Jicho lilisema ni alumini. Mkono nao ulikubali, ingawa kwa shingo upande. Ni mashine peke yake iliyokataa.

Kwa anayetufuata leo kwa mara ya kwanza, mashine hiyo iliundwa na Selestini, fundi redio wa sokoni Mwanga. Ni pete kubwa ya waya wa shaba, iliyounganishwa na kisanduku cha redio, betri ya gari na kioo chenye mshale. Umeme huzunguka kwenye ile pete. Ukipitisha shaba katikati yake, mshale hukimbilia kulia hadi mwisho. Ukipitisha alumini, huishia nusu ya njia. Ukipitisha chuma, mshale hugeuka na kwenda kushoto. Rangi haiudanganyi, wala kutu, wala matope.

Kuruthumu, mke wa Haruna, aliibatiza mashine hiyo jina la Mavyaa. Alisema unaweza kuoga, ukajipaka manukato na kuvaa kanga mpya, lakini mama wa mumeo ataona tu ulichokuja nacho. Wachambuzi wote wa vyuma pale uani kwa Haruna walicheka, na jina likabaki.

Kazi ya Spesiosa ilikuwa kukaa na Mavyaa kutwa, kupitisha vipande petini na kuvitupa kila kimoja kwenye fungu lake. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi. Alipotezana na mumewe, Bonfils, njiani wakati wa kukimbia, na tangu hapo hakuna aliyeleta habari zake. Aliyebaki naye ni baba wa mumewe tu. Walitoka kambini pamoja, wakapanga chumba Katubuka bila kibali cha kukaa mjini, na mzee akapata kazi ya kubeba mizigo pale Katonga, boti zinapotia nanga.

Mzee huyo ndiye aliyekileta kile kipande jana yake.

Jambo hilo Haruna hakulijua. Na kulikuwa na jingine. Kila anayeleta mzigo, Spesiosa huupitisha kwenye pete mbele ya macho yake. Ndiyo desturi ya ua. Lakini mzee aliposimama mbele yake na kipande mkononi, Spesiosa alikipokea kwa mikono miwili, akainamisha macho, akakiweka moja kwa moja kwenye fungu la alumini. Nani ampime baba mkwe kwenye mashine kama mwizi? Leo, alipokuwa akilirudia lile fungu kabla ya kufungwa magunia ya kupelekwa stesheni ya treni, mshale ukaenda kushoto.

Sasa turudi kwenye msumeno.

Haruna alikata kwa kuzunguka, akapiga nyundo, na alumini ikapasuka kama ganda la yai. Ndani kulikuwa na bomba la chuma lililozibwa pande zote mbili.

Haruna akacheka. Alisema hii kazi ameijua tangu utoto wake Ujiji, watu wanaficha chuma ndani ya alumini ili mizani ilale, hawa wamejitahidi zaidi tu. Akalibana bomba kwenye jiliwa, akafungua kizibo kimoja.

Kicheko kikamkauka.

Vilitoka vyuma vidogo vilivyozungushiwa nailoni, vimepakwa grisi nzito. Haruna alikuwa amepita jeshi la kujenga taifa enzi za ujana. Alikishika kimoja, akakigeuza mara moja, akakirudisha chini taratibu kama kinachochoma.

"Hiki ndicho kinachosukuma risasi kwenye chemba ya bunduki," alisema. "Bunduki bila hiki ni mwiko wa ugali."

Akamwita Kuruthumu. Akamwambia avae viatu aende kituo cha polisi sasa hivi, asipite kwa shoga yake yeyote, asisimuliane na mtu. Kuruthumu, ambaye kwa kawaida hujibu mume neno moja kwa manne, alitazama mezani, akajitanda kanga na kutoka bila kusema kitu.

Hapo ndipo Haruna alipomgeukia Spesiosa na kuuliza nani aliyeleta kipande kile.

Spesiosa akafungua mdomo.

Kabla neno halijatoka, mtu akabisha hodi getini.

Alikuwa mwanamume wa makamo, suruali ya kaki iliyopigwa pasi, viatu vya ngozi, shati jeupe. Hakuwa na haraka. Alisema amekuja kwa ajili ya kile kipande.

Haruna alishusha pumzi ndefu. Akamkaribisha, akamwita afande, akamshukuru kwa kufika upesi. Mgeni hakusema kwamba yeye ni askari. Hakusema pia kwamba si askari. Alisema anaitwa Feliksi, akavuta kigoda, akakaa.

Spesiosa alikuwa na tabia ya kuhesabu mambo kimoyomoyo kabla ya kuyasema, tabia iliyomfanya aonekane mzito. Alipiga hesabu ya njia. Kuruthumu, hata angekimbia, alikuwa bado hajafika kwenye maduka ya mafundi cherehani. Huyu ametumwa na nani?

Lakini mkimbizi asiye na kibali hamuulizi afande ametumwa na nani.

Feliksi alitazama vile vyuma bila kuvigusa na bila kushangaa. Akaviviringisha ndani ya nailoni yake, akavirudisha kwenye bomba, na bomba akaliweka miguuni pake. Kisha akamgeukia Spesiosa na kumsalimu kwa Kiha, "Mwakeye," kwa sauti ya upole. Spesiosa akaitikia kwa Kirundi. Lugha hizo ni ndugu, walielewana.

"Dada, mimi sina shida na wewe," Feliksi alisema. "Nataka jina moja tu. Nani alikileta?"

"Ni mzee mmoja."

"Wazee ni wengi. Anaitwa nani?"

Spesiosa akatazama mikono yake.

Haruna akaingilia. Alisema kwa uchungu kwamba huyu dada ndiye anayepokea, ndiye anayeuliza majina ya watu, na hajawahi kushindwa kumkumbuka mtu, hata wale wanaoleta birika moja la chai lililotoboka. Leo amekuwa bubu? Akamkumbusha jinsi alivyompa kazi bila kumuuliza karatasi. Sauti yake ilipanda. Akamuuliza kama na yeye yumo.

Spesiosa alisema hayumo.

"Basi mtaje."

Angeweza kudanganya. Aliliwaza hilo. Angeweza kusema jina lolote, na mji ungemtafuta mtu asiyekuwapo mpaka uchoke. Lakini kumvisha baba wa mume wake jina la kubuni, yeye mwenyewe, kwa ulimi wake, aliona ni kama kumvua nguo. Na jina lake la kweli hakuwahi kulitamka, tangu siku alipoingia ukoo ule akiwa bibi harusi. Kwao mke halitaji jina la baba mkwe. Halitaji kisimani, halitaji shambani, halitaji hata akiwa peke yake. Kambini, siku za kuandikisha watu, alimwomba jirani amtajie karani jina hilo, yeye akageuka pembeni.

Sisi, msomaji, si wakwe zake, tunaweza kumtaja. Anaitwa Barutwanayo.

Spesiosa alinyamaza. Aliona kwamba kunyamaza hakumdhuru mtu. Wamfunge yeye, wamrudishe kambini yeye, lakini mzee atabaki salama, kwa kuwa hakuna pale uani aliyemwona akileta kipande, na mdomo wake umefungwa.

Feliksi aliitazama ile mikono. Halafu, kidogokidogo, akaanza kutabasamu, na halikuwa tabasamu baya. Lilikuwa la mtu aliyekumbuka kwao.

"Mama yangu alikuwa hivihivi," alisema. "Kijijini kwetu, juu ya Kasulu. Babu akiitwa na watu wa kodi, mama anaulizwa mkweo anaitwa nani, anatazama mikono. Watu wa kodi wanadhani ni kiburi. Sisi watoto tunacheka nyuma ya nyumba."

Akasimama, akajipangusa suruali.

"Mwanamke wa Kirundi anayemjua mtu na hataki kudanganya na hawezi kumtaja. Huyo ni baba wa mume wako, dada. Na mzee wa Kirundi anayebeba mizigo pale Katonga ni mmoja tu."



Haruna hakuelewa. Yeye ni mtu wa Ujiji, kwao mkwe huitwa kwa jina lake na kuongezewa shehe. Alitazama huyu, akatazama yule. Feliksi alilichukua bomba, akalitia ndani ya mfuko wa rambo, akaaga kwa adabu na kutoka. Getini alimpisha mwanamke aliyebeba beseni la mihogo.

Spesiosa alikuwa amekaa palepale, mikono magotini, Mavyaa akinguruma pembeni yake. Mdomo aliokuwa ameufunga ili kumficha mzee, ndio uliomtoa.

Hakukaa sana. Geti likagongwa tena, na Kuruthumu akaingia akihema, nyuma yake askari wawili wenye sare.

Haruna aliwaambia kwamba mwenzao ameshaondoka na ushahidi.

"Mwenzetu yupi?" mmoja aliuliza.

Haruna akaeleza. Askari wakatazamana. Kituoni, walisema, walikuwa wao wawili na mkuu wao aliyebaki kwenye simu. Hakuna Feliksi. Haruna akamgeukia mkewe, akauliza kwa sauti iliyopungua, kwani si yeye aliyemtuma yule wa kwanza?

"Mimi ndiyo kwanza natoka huko," Kuruthumu alisema. "Nimtume nani, baba Yusra? Umemfungulia mtu geti hata jina la kituo hukumuuliza?"

Sasa Spesiosa akasema. Alisema yote kwa mpigo, Kirundi na Kiswahili vikigongana. Kwamba mtu yule aliviona vyuma vile na hakushangaa. Kwamba mzigo ulikuwa wake au wa waliomtuma, na bila shaka ulikuwa unangoja boti ya kuvuka kwenda Burundi, na kipande kimoja kilipotea mikononi mwa mbebaji, naye amekuwa akizunguka kwa wanunuzi wa vyuma kukitafuta, na sasa anamfuata mzee kule Katonga kumziba mdomo. Kwamba mzee alikiona ni alumini tu. Mzee haijui bunduki. Nyumbani hakukuwa na unga.

Mmoja wa askari alitaka kuandika maelezo yake tangu mwanzo. Mwenzake alisema kwanza wapige simu wapate gari. Wote wawili walikuwa sahihi, na wote wawili walikuwa wakichelewa.

Haruna ndiye aliyeisogeza pikipiki. Hakuomba radhi kwa yale aliyosema. Aliiwasha, akamwonyesha Spesiosa kiti cha nyuma kwa kidevu. Kuruthumu aliikaza kanga ya Spesiosa kiunoni ili isije ikanaswa na gurudumu, mafundo mawili, akampiga bega.

"Nenda, mwanangu. Hawa askari wataandika maelezo yangu mimi."

Njiani Haruna alipaza sauti dhidi ya upepo, akauliza huyo mzee atamfuata vipi mtu asiyemjua. Spesiosa alijua. Ataambiwa kuna habari za mkwe wake. Atafuata bila kuuliza.

Ndivyo ilivyokuwa. Pale Katonga, mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa kwenye mchanga aliwaambia kabla hata hawajasimama vizuri. Bwana mmoja mwenye shati jeupe alikuja kumchukua mzee wa Kirundi. Alisema mkwe wake amekamatwa, anashikiliwa Kibirizi, waende kwa boti ni karibu zaidi. Mzee aliacha gunia la watu katikati ya njia, yule ambaye haachi mzigo hata mvua ikinyesha.

"Wako pale," mama alisema, akielekeza kwa mkono wenye magamba.

Boti ilikuwa imeshasukumwa majini. Injini ilikohoa mara mbili, ikashika. Mwendeshaji alikaa nyuma, Feliksi katikati. Mbele, mgongo umegeukia ufuko, kofia yake ya sufi kichwani, alikaa mzee.

Spesiosa akakimbia hadi majini.

Aliita baba mkwe. Ufuko ulikuwa umejaa kelele za wachuuzi, redio, wapiga mnada wa samaki aina ya migebuka. Aliita mzee, na wazee kama sita hivi wakageuka, wote wasiokuwa yeye. Aliita baba mkwe kwa Kirundi, databukwe, lakini injini iliinua sauti na kulimeza neno. Haruna naye alikuwa akipunga mikono na kupiga mbinja. Mtu aliye majini akisikia mbinja hudhani ni ya wavuvi.

Boti ikaanza kugeuza pua.

Lilibaki neno moja tu ambalo mzee yule angelisikia hata katikati ya soko. Spesiosa alilijua. Alikuwa amelibeba miaka yote ya ndoa yake bila kulitua.

"Barutwanayo!"

Sauti yake ilikuwa kali, hata yeye aliiogopa. Wabebaji wa Kirundi waliokuwa kwenye magunia wakanyamaza. Mwanamke mmoja miongoni mwao alitua beseni lake na kujiziba mdomo. Haruna, ambaye mpaka dakika ile hakuwa ameelewa kwa nini alikataa kumtaja mzee, alimtazama Spesiosa usoni, akaelewa.

Kule kwenye boti, kofia ya sufi iligeuka.

Kwanza mzee hakumtazama. Aliinamisha macho, kama mtu aliyemkuta mkwe wake akioga. Hata pale, hata katika hali ile. Halafu akayainua, kwa uzito. Akamwona Spesiosa amesimama majini, hana pingu, hana askari, hayuko Kibirizi.

Akamgeukia Feliksi.

Walizungumza. Spesiosa hakusikia neno hata moja. Aliona Feliksi akinyoosha mkono, kiganja juu, kama mtu anayemwomba mwenzake akae chini mambo yasiharibike. Aliona mzee akitikisa kichwa. Boti ilizidi kusogea.

Sasa, wenyeji wa ziwa letu hawahitaji kuambiwa hili, lakini msomaji wa mbali na alijue. Tanganyika halina mchezo wa kina kifupi. Unapiga hatua chache kutoka ufukoni, halafu chini panaondoka. Na Barutwanayo alikuwa mtu wa milimani, wa migomba na kahawa. Alivuka kuja nchi hii akiwa amefumba macho, ameshika ukingo wa mtumbwi kwa mikono yote miwili. Hakujua kuogelea.

Mzee akasimama.

Boti iliyumba. Mwendeshaji alipiga kelele ya kumtaka akae. Barutwanayo alimtazama mkwe wake mara moja zaidi, akatia mguu nje, akajitupa kuelekea ufuko kama mtu anayeruka mfereji.

Maji yakamfunika.

Mwendeshaji akazima injini, na ghafla Katonga yote ikawa kimya. Kofia ya sufi ilielea peke yake. Spesiosa alizidi kuingia, maji kiunoni, maji kifuani, mpaka Haruna alipomshika ile kanga kwa nyuma na kumzuia. Haruna alikuwa akipiga kelele kuomba mtu mwenye mtumbwi. Mitumbwi ilikuwa juu mchangani, nyavu zimetandazwa ndani yake.

Feliksi alikuwa bado amesimama kwenye boti. Alitazama ufuko, watu wale wote, njia ya vumbi ambako askari wangetokea. Alitazama mbele, ziwa lilikuwa wazi na mafuta yalikuwemo. Mwendeshaji alimwambia kitu, akionyesha kaskazini.

Feliksi akavua viatu vyake vya ngozi, kimoja baada ya kingine, akajitosa.

Vichwa viwili vikaibuka, cheupe cha mvi na cheusi, vikazama, vikaibuka tena mbali kidogo. Mzee alikuwa akipiga maji kwa viganja wazi. Mkono wa Feliksi ukapita shingoni mwake kutoka nyuma na kumkaza.

Hivyo ndivyo mtu anavyomshika anayemwokoa. Na hivyo ndivyo anavyomshika anayetaka kumnyamazisha. Spesiosa alitumbua macho mpaka yakamuuma, maji yakimfika kifuani, akitafuta tofauti, na vichwa vyote viwili vikashuka chini pamoja.

(Itaendelea wiki ijayo.)